Vibendera Vinane vya Mwaringa

Mwaringa alitaka vibendera vinane, na Nyevu hakumuuliza kwa nini vinane. Ukitaka kukasirika, kasirika hapa hapa mapema, maana kila mtu Minjila anajua shamba lina pembe nne. Nyevu mwenyewe alikuwa amewashonea majirani wote siku zile, vinne vinne, akivifunga kwa uzi na kuviweka kwenye kikapu. Cha Mwaringa ndicho kifungu pekee kilichokuwa kinene. Alikiona, akakipapasa, akatabasamu. Alifurahi kumshonea mtu huyo kazi ya ziada.

Desturi yenyewe ilianza na ndege. Mpunga ukianza kutoa masuke, ndege huja kwa maelfu, na wakulima wa zamani walikuwa wakifunga matambara kwenye vijiti ili upepo uwafukuzie. Sasa watu ni watu. Huyu akafunga tambara jekundu, yule akasema lake la kijani linapendeza zaidi, wakataniana, wakashindana, mwishowe kila nyumba ikawa na rangi zake. Wagiriama waliohamia kutoka kusini wakaingia, na Wapokomo wenyeji wa mtoni wakaingia. Leo ukisimama barabarani pale Minjila mwezi wa nane unayasoma mashamba kwa rangi: kijani na nyeusi ni kwa Komora, njano tupu ni kwa Mariam, nyekundu na nyeupe ni kwa Mwaringa, samawati na nyeupe ni kwa Mwaro. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo ni Siku ya Bendera. Kamba za vibendera vya pembe tatu hufungwa kuvuka barabara, pilau huchemka, ngoma ya mwanzele huchezwa mpaka vumbi linapanda, na kila mwenye shamba husimika kibendera kimoja katika kila pembe yake. Asiyesimika huulizwa kwa mzaha, kulikoni, umekufa?

Mwaro alikuwa amekufa kweli. Aliugua kifua kwa wiki tatu mwezi wa kwanza, na Nyevu, mkewe wa miaka ishirini na sita, akabaki na cherehani yake barazani Garsen, binti yake Linda aliyeolewa Malindi, na shamba la Minjila. Shamba hilo ndilo lililokuwa likimlisha. Cherehani ni ya sukari na sabuni, lakini chakula cha mwaka kilitoka kwenye matope yale, na Nyevu aliyajua kwa nyayo zake, kona ipi inanasa na kona ipi inawahi kukauka. Hati hakuwa nayo. Hakuna aliyekuwa nayo. Shamba lilikuwa lako kwa sababu unalilima na kila mtu anakuona ukililima.

Na Mwaringa? Mwaringa na Mwaro walikuja huku kwenye delta ya mto pamoja wakiwa vijana wenye panga moja baina yao. Walifyeka pamoja, wakagawana mashamba yaliyopakana, na kila mmoja alimtania mwenzake kwamba amechukua upande wenye viboko. Mwaro alipoanguka, Mwaringa ndiye aliyetafuta gari la kumpeleka hospitali. Alipokufa, Mwaringa ndiye aliyeingia kaburini kupima urefu wake. Nyevu alimwona akitoka mle shimoni, udongo mpaka magotini, machozi yakimtiririka, akasema moyoni kwamba sasa huyu ndiye ndugu. Hata Linda alipompigia simu kutoka Malindi kumuuliza kama anahitaji msaada, alimjibu, "Baba yako Mwaringa yupo." Alisema hivyo bila wasiwasi wowote.

Yalibaki matanga ya pili. Mgiriama akishazikwa, bado hajaagwa. Miezi inapita, kisha ukoo unakusanyika tena, mbuzi wanachinjwa, watu wanacheza na kulia kwa mara ya mwisho, na siku hiyo ndipo wanawake wa ukoo wanapomvua mjane kaniki yake nyeusi. Kabla ya hapo mjane ni wa msiba. Haendi harusini, haketi kwenye mikutano, hapambi nyumba. Nyevu alilelewa hivyo na mama yake, na hakuona uzito. Alijifunga kaniki juu ya gauni kila asubuhi na kuona kwamba Mwaro bado yupo yupo karibu. Aliitaka sana siku ile ya kumuaga. Alitaka ifanywe vizuri, na watu waje kutoka mbali waseme Mwaro alikuwa mtu.

Kupanga siku aliachiwa Mwaringa, nani tena? Siku ikawekwa mwezi wa sita. Halafu akaja na sura ya huruma akasema mafuriko yameikata barabara, wazee kutoka kusini hawatapita, tusubiri kidogo. Ikawekwa mwezi wa saba. Akaja tena akasema mjomba wa marehemu hajisikii vizuri, na matanga bila mjomba ni aibu, tusogeze mpaka mwezi wa tisa. Nyevu alikubali mara zote mbili. Mara ya pili alimpikia chai na mahamri, akamshukuru kwa kuhangaika. Alimshukuru, jamani.

Mwezi wa nane ulipoingia, ndipo likaja swali la vibendera vyake mwenyewe. Alikuwa na vinne vya mwaka uliopita, samawati na nyeupe, Mwaro alivikunja kwa mkono wake akavitia kwenye sanduku. Nyevu akamuuliza Mwaringa kama anaweza kuvisimika kimyakimya tu, bila kukaa kwenye sherehe. Mwaringa alijikuna ndevu. Akasema angependa sana, lakini watu watamwona kama amefurahi na mumewe hajaagwa, na yeye hataki jina la shemeji yake litiwe mdomoni na watu. Avifiche mwaka huu. Mwakani wataisimamisha samawati ya Mwaro juu kuliko zote.

Nyevu akaona huyu anamhifadhia heshima. Akavirudisha sandukuni. Na siku hiyo hiyo Mwaringa alipoagiza vibendera vinane badala ya vinne, akieleza kwamba vinne vingine ni vya kupamba jukwaa la wageni, Nyevu alikaa kwenye cherehani akavishona kwa moyo wote. Alichagua kitambaa kigumu. Pindo alilipitisha mara mbili, kitu ambacho hakumfanyia mtu mwingine, ili upepo wa kusi usilifumue. Mwaringa alipotia mkono mfukoni, alimkatalia. Akamwambia vyote vinane ni zawadi, kwa ajili ya udongo ule uliokuwa magotini mwake.

Jumamosi ya sherehe, Nyevu alikuwa barazani kwake Garsen na kazi ya kupunguza sare ya shule. Pikipiki zilikuwa zikipita na vibendera vimefungwa kwenye vioo, watu wakipiga honi. Hakuona uchungu sana. Saa nne hivi Mariam akaja mbio, amebana bahasha ya njano kwapani. Mariam ni jirani yake wa shamba upande wa mtoni, Mpokomo, mcheshi, mtu wa kuongea tangu yuko mbali.

Bahasha ile kumbe ilikuwa kibendera kilichokunjwa. Mbuzi amekitafuna pembe nzima, Mariam akaeleza huku akicheka, na karani anafika saa sita, na bila kibendera cha nne shamba lake litaonekana halina mwisho. Tafadhali amtilie kiraka chochote.

"Karani gani?" Nyevu akauliza.

Mariam alidhani anatania. Akamweleza haraka haraka, huku jicho liko kwenye sindano. Mradi wa mfereji umekubaliwa. Mashamba yote yatakayopata maji yanaandikwa leo, na baadaye yatatolewa hati. Kwa kuwa hakuna mawe ya mipaka, mkutano wa wakulima, ambao mwenyekiti wake ni Mwaringa, uliafikiana kwamba karani apite Siku ya Bendera, apige picha vibendera vya kila shamba na kuandika jina la mwenye rangi. Ndiyo maana mwaka huu watu wamejitokeza hata wale wavivu.

"Lakini wewe ulifanya jambo la busara, mama Linda," Mariam akaendelea. "Kumwachia Mwaringa aliandike lako kwa jina lake mpaka matanga yaishe. Alitueleza mkutanoni. Tukasema, huyo mama anajua kuaminiana na watu."

Mguu wa Nyevu ulikuwa bado juu ya kanyagio la cherehani, na cherehani ikaendelea kushona mahali pasipo na kitambaa. Mariam ndiye aliyeisimamisha kwa kuweka mkono juu ya gurudumu. Alimtazama mwenzake usoni, na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Hukumwachia," akasema Mariam.

Walipanda bodaboda moja wote wawili. Njia nzima Nyevu alikuwa akijiambia kwamba kuna kosa, Mariam amesikia vibaya, Mwaringa atalieleza jambo hili na watacheka. Ndivyo mtu anavyofanya. Unampa mwizi wako nafasi ya mwisho ya kuwa ndugu yako. Walishuka barabarani Minjila penye kamba za mapambo, wakapita katikati ya watu wanaocheza, wakashika ukingo wa mashamba. Wengine walimwona mjane na kaniki yake akipita kwenye ngoma, wakashangaa, wakampisha.

Pembe ya kwanza ya shamba la Mwaro ilikuwa na kibendera chekundu na cheupe. Ya pili pia. Alisimama akatazama mpaka ng'ambo ya mpunga, na akaona cha tatu na cha nne, vikipepea vizuri, havina hata mkunjo. Vinne vya Mwaringa vilikuwa kwenye shamba la Mwaringa, na vinne vya jukwaa vilikuwa hapa. Upande wa jukwaa, ukitaka kujua, kulikuwa na makuti na maputo tu.

Alikikamata kile cha karibu akakivuta ili akipasue. Hakikupasuka. Alikivuta tena kwa mikono miwili, akaegemea kwa uzito wake wote, uzi ukamkata kwenye kidole na kibendera kikabaki vile vile. Pindo lilikuwa limepita mara mbili. Mariam alitaka kumsaidia, lakini Nyevu alimwondoa mkono. Alikuwa akiutazama mshono wake mwenyewe, mzuri, umenyooka, na hasira ikampanda.

Hapo Mwaringa akatokea kwenye ukingo, kofia mpya kichwani, na nyuma yake msichana mwembamba mwenye buti za mpira na tableti iliyofunikwa kwa nailoni. Msichana alijitambulisha kwa adabu: anaitwa Beryl, ni karani wa mradi. Mwaringa alipomwona Nyevu hakushtuka sana. Alikuwa na maneno tayari. Alisema, kwa sauti ile ile ya chai na mahamri, kwamba shemeji hakupaswa kuja hapa na kaniki, watu watasema, na kwamba hili jambo angemweleza baadaye wakiwa wametulia. Shamba linaandikwa kwake ili lisipotee. Mjane hasimiki kibendera, shamba lisilo na kibendera linahesabiwa tupu, na tupu likichukuliwa je? Alikuwa akimlindia tu.

Maneno yalipangika vizuri, na kusema kweli Nyevu alitaka kuyaamini. Kwa pumzi moja hivi aliyaamini. Miaka ishirini na sita ya kumjua mtu haiondoki kwa dakika tano. Akamgeukia Beryl akamuuliza jambo moja tu.

"Mwanangu, hii siku ya leo, mwenyekiti mlimwambia lini?"

"Mzee tulimwambia zamani, mama," Beryl akasema, bila kujua anachokisema. "Tangu mwezi wa tano. Yeye ndiye aliyetushauri tuje Siku ya Bendera."

Mwezi wa tano. Matanga yaliyokuwa yawe mwezi wa sita yakaahirishwa. Yaliyokuwa yawe wa saba yakaahirishwa. Barabara iliyokatwa na mafuriko, mjomba asiyejisikia vizuri, mbona Linda alikuja kutoka Malindi mwezi huo huo wa sita kwa barabara hiyo hiyo? Nyevu alimtazama Mwaringa, na Mwaringa akatazama mpunga. Hakuwa amemnyang'anya shamba leo. Alikuwa amemnyang'anya polepole, kwa kumweka mumewe njiani asiagwe, ili mjane abaki mjane mpaka karani apite. Alimtumia maiti wa rafiki yake kama kufuli.

Alichokifanya Nyevu hapo watu wa Minjila bado wanabishana juu yake, na wapo akina mama wasiomsalimu mpaka leo. Alifungua fundo la kaniki. Aliifungua mwenyewe, kwa mikono yake, mchana kweupe, bila mbuzi, bila wimbo, bila mwanamke hata mmoja wa ukoo wa Mwaro kumshika bega. Akabaki na gauni lake la maua la nyumbani. Akaing'ata kaniki pembeni ili ianze, kisha akaipasua kwa urefu wake, na yenyewe ikapasuka kwa urahisi kwa sababu ilikuwa imechakaa kwa miezi saba ya kuvaliwa kila siku. Akapata vipande vinne.

Cha kwanza alikifunga kwenye kijiti cha Mwaringa, juu ya kile chekundu. Kisha akaingia kwenye matope akazunguka shamba lote, pembe kwa pembe, akifunga. Hakukimbia. Mariam alimfuata nyuma akimshikia vipande. Mwaringa alikuwa akisema kitu kwa sauti kubwa, kwamba haya ni makosa, kwamba hii ni laana, kwamba karani asiandike uchafu huo, na watu walikuwa wameanza kuiacha ngoma na kusogea ukingoni kutazama. Aliporudi pale alipoanzia, gauni lilikuwa na tope mpaka kiunoni.

"Rangi za nyumba ya Mwaro ni samawati na nyeupe," akamwambia Beryl. "Mwaka huu ni nyeusi. Andika Nyevu."

Beryl alisitasita, akaeleza kwamba pembe ikiwa na vibendera viwili hana mamlaka ya kuchagua. Anaandika majina yote mawili, shamba linawekwa kwenye orodha ya mashauri, na majirani wanaitwa kusema wanachokijua. Mariam akasema aandike na jina lake yeye kama jirani atakayesema. Komora, aliyekuwa amefika na sahani ya pilau mkononi, akatazama chini, akatazama sahani yake, kisha akasema na lake pia. Beryl akainua tableti akapiga picha ya pembe ya kwanza, nyeusi juu na nyekundu chini.

Mwaringa alimsogelea Nyevu. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ilionekana kwamba kuna kitu kimemuuma kweli.

"Umevua kaniki, shemeji. Mwaro hajaagwa."

"Nimemuaga sasa hivi," Nyevu akasema. "Na wewe ulikuwepo."

Mwaringa alirudi akasimama kwenye pembe ya pili ya shamba, kofia mpya kichwani, kumngojea karani afike huko.

Nyevu alikaa chini kwenye ukingo. Upepo ulimpiga mabegani palipozoea kaniki, na akaanza kulia kwa sauti, na Mariam akadhani analilia shamba, akawa anambembeleza kwamba litarudi, majirani watasema, haki itapatikana. Hakuwa akililia shamba. Aliyaona matanga yote aliyokuwa akiyapanga kichwani, wazee kutoka kusini, wimbo, mbuzi, mikono ya wanawake ikifungua fundo taratibu, na akajua hayatakuwepo tena, ameyamaliza mwenyewe kwa dakika kumi kwenye matope, mbele ya mtu mwenye sahani ya pilau. Alitamani mno kumweleza mtu alivyotendwa. Katika maisha yake watu aliozoea kuwapelekea mambo mazito kama haya walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa kaburini, na mwingine alikuwa amesimama pale kwenye pembe ya pili, akirekebisha kibendera chake.